Rilei za taa kwenye Hilux ya zamani: tathmini ya seti ya dukani na ya fundi umeme wa Buzuruga

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenye pikapu za zamani wanaosafiri usiku kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa katika barabara inayotoka Mwanza kupitia Kisesa, Magu na Lamadi hadi Bunda, ambako dereva hukutana na baiskeli zisizo na taa, mikokoteni ya ng'ombe na mifugo iliyochelewa kurudishwa zizini. Nimelipia vitu viwili: seti ya waya yenye rilei, yaani swichi ndogo za sumaku, za taa za mbele, niliyoinunua katika duka la spea mjini Mwanza, na kazi ya fundi umeme wa magari aliyeifunga katika gereji iliyopo eneo la Buzuruga, humohumo Mwanza. Kwa kuwa anayetaka kununua hapaswi kusubirishwa, naanza na uamuzi wangu. Kazi ya fundi ni nzuri na ninaipendekeza bila kusita. Seti, kwa namna ilivyotoka kwenye kasha lake, haikufaa kufungwa kwenye gari langu, ingawa ndani yake mlikuwa na rilei na soketi ambazo tumezitumia na zinafanya kazi vizuri.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, ya kebini moja, yenye injini ya dizeli ya 3L na umeme wa volti 12. Taa zake za mbele hutumia globu za H4, yaani zile zenye nyuzi mbili katika kioo kimoja, wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na wati 55 kwa dimu (mwanga wa karibu). Kwa muda mrefu taa hizo zilikuwa zikiwaka kwa rangi ya njano iliyofifia, na kubadilisha globu hakukuleta tofauti yoyote ya maana. Ukiwauliza madereva wenzako kuhusu hali kama hiyo, wengi watakushauri ununue globu za wati 100 kwa 90, au ufunge taa za LED. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaacha ugonjwa ulipo. Globu ya wati 100 huvuta mkondo mkubwa zaidi katika waya uleule uliochoka, kwa hiyo waya unapoteza volti nyingi zaidi, soketi ya plastiki inapata joto isilotengenezewa, na baada ya muda huanza kuyeyuka na kulegeza miguu ya globu. Nimeziona soketi za namna hiyo kwenye magari ya watu, zikiwa zimebadilika rangi na kuwa kahawia, na mwenye gari anaendelea kulaumu globu.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini fundi huyu ni kwamba hakushika spana kabla ya kushika mita. Aliniomba niwashe injini na taa za dimu, akapima betri na kupata volti 13.9, kiwango kizuri kinachoonyesha kwamba alteneta, yaani mtambo wa kuzalisha umeme unaozungushwa na injini, inachaji ipasavyo. Kisha akavuta nyuma mpira unaofunika globu ya kushoto, akachomeka ncha za mita kwa nyuma ya soketi huku taa ikiwa inawaka, na mita ikasoma volti 11.6. Kipimo cha aina hii hakina maana ikiwa taa imezimwa au globu imechomolewa, kwa sababu waya usiopitisha mkondo haupotezi volti. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utakuonyesha volti zote za betri mpaka utakapoupa kazi ya kufanya. Mafundi wengi hupima soketi ikiwa tupu, wanaona volti 12 na kitu, na wanamwambia mteja kwamba waya ni mzima.

Hakuishia hapo. Aliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya globu, akapata volti 0.9 zilizopotea, akarudia upande wa hasi, kutoka globu hadi hasi ya betri, akapata volti 1.4. Jumla ni volti 2.3, ambazo ndizo hasa zilizokuwa zikikosekana.

"Mzee wangu," akaniambia, "globu yako haina kosa. Umeme unaliwa njiani, na unaliwa zaidi wakati wa kurudi."

Ili kuelewa hasara ya volti 2.3, ni lazima kujua kwamba mwanga wa globu ya uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zenyewe. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa taa ni kwamba mwanga hufuata volti zikiwa zimepandishwa kwa kipeo cha takriban 3.4, na maana yake kwa dereva ni kuwa ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa gari langu, volti 11.6 badala ya 13.9 zilimaanisha kwamba globu zilikuwa zikitoa kiasi cha asilimia 54 tu ya mwanga ambao zingeutoa kama volti zote zingezifikia. Rangi ya njano nayo ina sababu hiyohiyo: uzi usiopata umeme wa kutosha haupati joto la kutosha, na uzi wenye joto dogo hutoa mwanga mwekundu zaidi. Nilikuwa nimelipia taa mbili, na barabara ilikuwa ikipata mwanga unaokaribia wa taa moja.

Sababu ya hasara hiyo iko katika njia ambayo umeme hupita. Umeme wa taa hautoki betri ukaenda moja kwa moja kwenye globu zilizo hatua chache mbele yake. Unazunguka kupitia fyuzi, viungio vya plastiki na swichi iliyopo kwenye usukani, kwa waya mwembamba uliotosha gari likiwa jipya. Baada ya miaka karibu 30, shaba imeshika kutu kijani kwenye viungio, na vidole vya swichi vimeungua kidogo kidogo kila mara taa zinapowashwa. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatupati chumvi inayowatesa wenye magari wa Tanga na Dar es Salaam, lakini unyevu na vumbi vinatosha kuharibu viungio ambavyo havijawahi kufunguliwa tangu gari litoke kiwandani.

Rilei ni swichi inayofungwa na sumaku. Mkondo mdogo unapita kwenye koili yake, koili inageuka sumaku, sumaku inavuta kidole cha chuma, na kidole hicho ndicho kinachopitisha mkondo mkubwa wa taa kutoka betri hadi globu kwa njia fupi na waya mnene. Miguu yake huandikwa namba zinazotokana na viwango vya Ujerumani vya DIN 72552, na namba hizo ni zilezile kwa karibu kila rilei utakayoikuta kwenye maduka yetu: 30 ni umeme kutoka betri, 87 ni kwenda kwenye taa, 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Koili ya kawaida ya volti 12 huvuta takriban ampea 0.15. Hivyo swichi ya usukani iliyokuwa ikibeba karibu ampea 10 za globu mbili inabaki na kazi ya kuamrisha tu, na waya wa zamani, hata kama umechoka, unamudu kazi hiyo bila shida.

Sasa nieleze seti. Ilikuja katika kasha la karatasi lisilo na jina la kiwanda, ikiwa na rilei mbili, soketi mbili za H4 za kauri, plagi moja ya kuingia kwenye soketi ya zamani ya gari, kishikio cha fyuzi chenye fyuzi moja ya ampea 30, na waya zilizokwisha kufungwa pamoja. Nilivutiwa na soketi, na hata sasa nazisifu. Kauri haiyeyuki kwa joto la globu kama plastiki, na miguu ya shaba iliyomo ndani yake ilishika globu kwa nguvu kiasi kwamba fundi alihitaji kuisukuma kwa dole gumba.

Rilei nazo zilipita mtihani. Fundi aliunganisha koili na betri kupitia taa ndogo ya majaribio, rilei ikabofya kwa sauti kavu. Akageuza ncha, chanya ikawa hasi, ikabofya tena vilevile. Alifanya hivyo kwa sababu baadhi ya rilei huwa na diodi ndani, kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, na rilei yenye diodi ikiunganishwa kinyume hupitisha umeme moja kwa moja bila kupitia koili, ikaunguza fyuzi. Zetu hazikuwa na diodi, na jambo hilo, kama nitakavyoeleza, lilirahisisha kazi kwenye Toyota.

Waya ndio ulioshindwa. Kwa nje ulionekana mnene, na dukani niliambiwa kuwa ni wa milimita 4 za mraba. Fundi aliukata ncha, akaumenya, na kilichoonekana ni ganda nene la plastiki lililobeba nyuzi chache katikati. Alizikwangua kwa wembe, na chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba tupu ya unene uleule, hukatika kwa urahisi pale unapobanwa kwenye kichwa chake, na ukipata unyevu mahali ulipokwanguliwa huoza haraka. Kufunga waya wa hivyo ili kutibu upotevu wa volti ni kuhamisha ugonjwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Fyuzi moja ya ampea 30 nayo ni hatari kwa namna mbili. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na waya ule ungeshika moto kabla fyuzi hiyo haijakatika. Pia, fyuzi moja ikikatika gizani, fulu na dimu huzimika kwa pamoja, na dereva aliyekuwa akikata kona anabaki bila taa yoyote.

Kasoro ya tatu ya seti inawahusu hasa wenye magari ya Toyota ya zamani, na sikuiona ikitajwa popote kwenye kasha. Katika magari mengi duniani, swichi ya taa hukata na kuunganisha upande wa chanya, na mguu wa tatu wa globu, ule unaotumiwa na nyuzi zote mbili, umefungwa daima kwenye ethi, yaani kwenye chuma cha bodi kilichounganishwa na hasi ya betri. Kwenye Hilux za kizazi hiki, na kwenye Land Cruiser nyingi za miaka hiyo, mambo ni kinyume: mguu wa pamoja wa globu hupewa chanya, na swichi ya usukani ndiyo inayochagua ni uzi upi utakaorudishwa kwenye hasi. Ndiyo sababu upande wa kurudi wa gari langu ulikuwa ukipoteza volti nyingi kuliko upande wa kwenda. Seti niliyoinunua ilikuwa imeunganisha koili zote mbili kwenye ethi ya bodi. Kwa mpangilio huo koili ingekuwa na hasi upande mmoja na hasi upande wa pili, na rilei isingebofya kamwe. Wapo watu walionunua seti za aina hii, wakazifunga wenyewe, wakakuta taa haziwaki kabisa, na wakazirudisha dukani wakisema kwamba rilei ni mbovu.

Fundi aliligundua kabla ya kufunga chochote, kwa kuchomeka taa ya majaribio kwenye soketi ya zamani na kuona ni mguu upi wenye chanya ya kudumu. Dawa yake ilikuwa fupi: alikata waya wa ethi wa koili zote mbili, akaupeleka kwenye mguu wa pamoja wa plagi, ambao ndio wenye chanya. Kwa mpangilio huo koili hupata chanya upande mmoja, na swichi ya usukani inapochagua dimu au fulu, hupata hasi upande wa pili. Anayetafuta fundi wa kazi hii amuulize swali hilo moja kabla ya kumkabidhi gari: swichi ya Toyota hii inakata chanya au hasi? Jibu litamwonyesha kama anaongea na mtu anayelijua gari lake.

Kwa ufungaji wenyewe, alitupa waya wote wa seti na kununua wa shaba: milimita 4 za mraba kutoka betri hadi kwenye rilei, na milimita 2.5 kutoka rilei hadi kwenye kila globu. Kila rilei ilipata fyuzi yake ya ampea 15, na fyuzi zote mbili ziliwekwa umbali wa shibiri moja kutoka chanya ya betri, kwa kuwa kipande chochote cha waya kilichopo kabla ya fyuzi hakina ulinzi kikigusa bodi. Vichwa vya waya vilibanwa kwa koleo lake maalumu, halafu vikavalishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Hakuna mahali ambapo nyuzi zilisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, mtindo ambao umeyaunguza magari mengi. Kwa upande wa hasi, waya wa kila globu ulirudishwa kwenye hasi ya betri yenyewe, na mwingine ukafungwa kwenye bodi baada ya rangi kukwanguliwa mpaka chuma kikang'aa. Rilei zilisimamishwa kwenye bodi ya ndani ya boneti, miguu ikitazama chini ili maji ya kuoshea gari yasitulie ndani yake, mbali na bomba la moshi na mbali na mvuke wa betri.

Kuna jambo alilolifanya ambalo mimi nisingelifikiria. Waya za zamani hazikukatwa hata kidogo. Plagi ya rilei imechomekwa kwenye soketi moja ya zamani, na soketi ya upande wa pili imefungwa kwa mfuko na kuachwa mahali pake. Rilei ikifa usiku katikati ya safari, dereva anavua soketi ya kauri, anachomoa plagi, anarudisha soketi za zamani kwenye globu, na anaendelea na taa zake za awali mpaka afike penye fundi. Nami nimeweka rilei moja ya akiba kwenye droo ya dashibodi, kwa kuwa ni kitu kidogo na cha bei nafuu.

Baada ya kazi, vipimo vilirudiwa kwa namna ileile, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Betri ilisoma volti 13.9, globu zote mbili zikasoma 13.5. Upotevu umeshuka kutoka volti 2.3 hadi 0.4, na kwa kanuni niliyoitaja hapo juu mwanga umeongezeka kwa karibu theluthi mbili, kwa globu zilezile, bila kuongeza wati hata moja kwenye maandishi yake. Rangi imekuwa nyeupe. Barabarani tofauti inaonekana pale inapohitajika zaidi: kati ya Magu na Lamadi sasa ninaona magunia ya mkaa kwenye baiskeli na miguu ya anayeisukuma nikiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo kwa utulivu, ilhali zamani niliona kivuli kwanza na mtu baadaye. Swichi ya usukani, ambayo baada ya saa moja ya safari ilikuwa ikipata joto mkononi, sasa haina joto lolote.

Haki inanitaka niseme pia gharama ya faida hiyo. Globu inayopata volti zake kamili haiishi muda mrefu kama ile inayonyimwa. Kwa globu za uzi, kila ongezeko la asilimia 5 la volti hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Kwa hiyo nitanunua globu mara nyingi zaidi kuliko zamani, na ninakubali kulipa bei hiyo. Mtu asikubali, hata hivyo, kuongezewa volti juu ya zile za alteneta kwa kifaa chochote kinachouzwa kwa jina la kukuza mwanga.

Kazi ambayo mafundi wengi huiacha, na ambayo kwangu ina uzito sawa na waya, ni kuelekeza taa. Taa iliyoongezewa nguvu bila kuelekezwa ni adha kwa anayekuja mbele yako, na katika barabara ya njia mbili isiyo na taa za mitaani anayepofushwa kwa sekunde mbili anaweza kumgonga mtembea kwa miguu ambaye wewe ulimwona vizuri. Fundi alisimamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali palipo tambarare, akaweka alama ukutani kwa chaki kwenye kimo cha katikati ya kila taa, kisha akazungusha skrubu za kurekebisha mpaka ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uliposhuka sentimita 10 chini ya alama. Huo ni mteremko wa asilimia 1, unaotumika kwa magari mengi. Nilimwambia kwamba kwa kawaida gari hubeba mzigo, naye akakubali kurudia kipimo tukiwa tumepakia magunia nyuma, kwa sababu pikapu ikilaliwa na mzigo upande wa nyuma huinua pua, na taa zilizokuwa sahihi gari likiwa tupu huanza kuwachoma macho madereva wa upande wa pili. Baada ya kupakia, alizishusha tena kidogo.

Kuna mambo ambayo rilei haitayatibu, na fundi aliyasema kabla ya kupokea pesa. Taa yangu ya kushoto ilikuwa na doa jeusi ndani, mahali ambapo mng'ao wa fedha ulikuwa umebabuka kwa unyevu ulioingia kupitia mpira uliochanika. Mwanga unaolipiga doa hilo unapotea, hata globu ikipewa volti 14. Ilibidi ninunue taa nzima iliyotumika. Hapo kuna tahadhari moja kwa wanunuzi wa spea za mtumba. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, na kioo cha taa ya dimu kimechongwa ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa zilizotoka Japani zinatufaa, kwa kuwa nao huendesha kushoto. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia, machoni mwa anayekuja, na hakuna skrubu itakayoirekebisha. Iwashe ukutani kabla ya kuilipia.

Kuhusu LED, msimamo wangu ni kwamba kwenye taa zilizotengenezwa kwa H4 ni afadhali kuziacha. Kiakisi cha taa kimepimwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi ndani ya globu, na vipande vya LED havikai mahali hapo kwa unene na umbo lilelile. Mwanga husambaa, unaonekana mwingi karibu na boneti, na huenda kuwasumbua wengine badala ya kufika mbali. Wenye Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani wakague kwanza kama gari lao ni la volti 24, kwani baadhi ni za volti hizo, na rilei na globu za volti 12 haziwafai. Kioo cha taa nacho kiwe safi: katika misimu ambayo mawingu ya vijidudu vya ziwani yanatanda barabarani karibu na ufukwe, kioo kinaweza kufunikwa kabla hujafika unakokwenda, na maji ya chupa na kitambaa vitarudisha mwanga ambao hakuna waya utakaourudisha.

Kwa upande wa malalamiko, fundi alichelewa kuanza. Niliahidiwa kwamba gari lingeshughulikiwa asubuhi, nikakuta amebanwa na basi dogo lililokuwa halijamaliziwa, na kazi yangu ikaanza baada ya chakula cha mchana bila taarifa yoyote kwa simu. Pia hakuwa na mpango wa kuniachia mchoro wa waya mpaka nilipomwomba. Alipoombwa aliuchora vizuri nyuma ya kasha la seti, akiandika rangi ya kila waya na namba ya mguu unaokwenda, na mchoro huo sasa uko kwenye gari pamoja na kadi ya gari. Ningependa aufanye kuwa desturi kwa kila mteja, kwa sababu fundi mwingine atakayefungua boneti hii baada ya miaka kadhaa asipoujua mpangilio wa hasi na chanya anaweza kuharibu kila kitu kwa nusu saa.

Gharama zilikuwa hivi: seti shilingi 55,000, waya wa shaba, vichwa vyake na fyuzi shilingi 38,000, kazi shilingi 40,000 pamoja na kuelekeza taa. Taa ya kushoto nililipia kando. Kwa kuwa waya wa seti ulitupwa wote, ninamshauri anayefuata asinunue seti kwanza kama nilivyofanya mimi kwa kufuata maelezo ya dukani, aende kwa fundi apimiwe, aandikiwe orodha, kisha anunue rilei mbili za ampea 40 na soketi mbili za kauri peke yake. Kama vipimo vitaonyesha kwamba upotevu ni chini ya nusu volti, basi hahitaji rilei kabisa, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo. Mimi nilimsikia akimwambia hivyo mwenye pikapu nyingine, akamsafishia tu ethi zilizoshika kutu na kumtoza pesa kidogo.

Gereji haina bango. Ipo miongoni mwa gereji za Buzuruga, na ukiuliza fundi wa waya anayepima kwanza utaonyeshwa. Peleka gari mapema, ukiwa na uhakika kwamba betri na alteneta ni nzima, ulipakie mzigo wako wa kawaida au uwe tayari kuazima magunia, na ujipange kubaki mpaka giza liingie, kwa sababu kazi ya ukutani haifanyiki mchana.